Akishavua Njumu, Mchezaji Anakwenda Wapi?

*Benjamin Ayimba alitoka kuwa nahodha wa Kenya hadi kuwa kocha aliyeishinda Fiji. Safari yake, pamoja na mwisho wake mchungu, ina somo kwa raga ya Bujumbura, ambayo haiwezi kukua bila walimu wake yenyewe.*

SINGAPORE, Jumapili, Aprili 17, 2016. Ubao wa matokeo wa Uwanja wa Taifa unaonyesha tarakimu ambazo wengi waliofuatilia raga hawakuzitarajia: Kenya 30, Fiji 7.

Fiji walikuwa mabingwa watetezi wa msururu wa Raga ya Dunia wa wachezaji saba kila upande. Miezi minne baadaye walikwenda Rio de Janeiro wakarudi na dhahabu ya Olimpiki. Siku hiyo, hata hivyo, walizidiwa mbio, wakazidiwa kukaba, wakazidiwa utulivu. Collins Injera alitajwa mchezaji bora wa fainali, nahodha Andrew Amonde akapokea kombe, na Kenya ikapata ubingwa wake wa kwanza wa duru tangu msururu huo uanze mwaka 1999.

Kocha aliyewapeleka huko hakutoka New Zealand wala Uingereza. Alikuwa Benjamin Ayimba, Mkenya aliyeianza raga shuleni Maseno, akaichezea nchi yake, akawa nahodha wake, kisha akaamua kubaki uwanjani baada ya miguu yake kuchoka.

Bujumbura inapaswa kulitazama jina hilo kwa makini. Kila mji wenye raga changa una vijana wanaokaribia kustaafu, wakiwa na maarifa ya miaka mingi vichwani na makovu magotini. Wakiondoka, huondoka na yote hayo. Wakibaki bila kuandaliwa, huenda wakafundisha hata makosa yao. Ayimba alibaki, akajifunza, akafundisha. Jinsi ilivyowezekana, na jinsi ilivyoishia, ndiyo habari ya makala haya.

Jiji la kandanda

Bujumbura mwenye uwanja ni kandanda. Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992. Machi 23, 2019, sare ya 1-1 na Gabon katika uwanja wa Prince Louis Rwagasore, ambao sasa unaitwa Intwari, iliipeleka Burundi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Ukitaja mchezo mwingine, watu watakutajia riadha: dhahabu ya Vénuste Niyongabo mwaka 1996, fedha ya Francine Niyonsaba mwaka 2016.

Raga haikubahatika kuanza mapema hapa. Kenya na Uganda waliipokea kutoka kwa Waingereza, ikakita mizizi katika shule za bweni na klabu za mijini, na baba akamrithisha mwana. Burundi ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji, mpaka uhuru wa Julai 1, 1962. Mpira uliolelewa katika shule zake ulikuwa wa miguu.

Kisha vikaja vita. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 21, 1993, nchi iliingia katika miaka ya umwagaji damu, na mitaa ya jiji ikagawanyika kwa ukabila. Mchezo mchanga unaotegemea ratiba, safari na viwanja vilivyo wazi hauwezi kustawi katika mazingira kama hayo.

Hata hivyo raga ipo. Burundi ina shirikisho lake, nalo limo katika familia ya Rugby Africa. Kinachokosekana si mapenzi. Kinachokosekana ni mnyororo wa shule, klabu na timu ya taifa ambao majirani waliujenga kwa miongo mingi. Mahali ambapo mnyororo huo haujakamilika, mzigo wote humwangukia mtu mmoja: mchezaji wa zamani aliyekataa kuondoka.

Tena raga haifundishiki bila msimamizi. Mtoto wa mtaa wa Kinama au Buyenzi hujifunza kupiga chenga mtaani, na mpira wowote, bila mtu mzima kumwangalia. Kumkaba mtu anayekujia mbio ni jambo jingine. Kuingia kwenye skramu, msukumano wa pande mbili zilizoshikana, bila kuumia shingo, kuanguka na mpira na kuuachia upande wa wenzako, kumpisha aliyelala chini: hayo yanataka mwalimu aliyesimama karibu, anayejua kichwa kikae upande gani na bega liingie wapi.

> Raga huhitaji mwalimu kabla haijahitaji jukwaa la watazamaji.

Namba nane aliyezoea kuamua

Ayimba alizaliwa mwaka 1976. Baada ya Maseno, shule kongwe ya magharibi mwa Kenya, alijiunga na Impala ya Nairobi, akicheza namba nane.

Nafasi hiyo inafaa kuelezwa kwa msomaji asiyeifahamu. Namba nane hukaa mwisho wa skramu, nyuma ya wenzake saba wanaosukuma. Mpira ukifika miguuni pake, ana sekunde moja au mbili za kuamua: auokote na kupenya mwenyewe, aubakize wenzake waendelee kusukuma, au amwachie mgawaji. Anatumia nguvu kama mbeba mizigo, na wakati huohuo anasoma uwanja wote uliopo mbele yake. Makocha wengi wangependa kuwa na mafunzo kama hayo.

Alivuka pia bahari, akaichezea Cornish Pirates, klabu ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Nyumbani alikuwa nahodha wa timu ya taifa, ya wachezaji saba na ya 15.

Mwaka 2006, akiwa na miaka 30 hivi, alikabidhiwa timu ya taifa ya saba kama kocha. Huo ni mtihani mgumu kwa mchezaji yeyote wa zamani. Jana mlikuwa mkicheka pamoja kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Leo wewe ndiye unayemwambia mmoja wao kwamba hasafiri.

Matunda yalionekana mwaka 2009. Machi, kwenye Kombe la Dunia la raga ya saba mjini Dubai, Kenya iliyoongozwa na nahodha Humphrey Kayange iliitoa Fiji kwa 26-7 katika robo fainali, kabla ya kusimamishwa na Argentina kwa 12-0. Mwezi uliofuata, mjini Adelaide, ilifika fainali yake ya kwanza katika Raga ya Dunia, ikafungwa na Afrika Kusini 26-7. Msimu huo Injera alifunga trai 42 (trai ni bao la kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli), nyingi kuliko mchezaji yeyote.

Mwaka 2011 aliondoka kwenye timu ya taifa, na baadaye akarudi kwenye raga ya klabu. Kwa wengine hatua hiyo ingeonekana kuwa ni kushuka. Kwa kocha ilikuwa shule nyingine. Klabuni unakaa na wachezaji mwaka mzima, unawaona wakitoka kazini wamechoka, unatengeneza upya mchezaji ambaye hakuna mwingine anayemtaka. Timu ya taifa haikupi nafasi hiyo.

Mwaka 2015 Kenya ilimwita tena. Novemba mwaka huo, mjini Johannesburg, vijana wake waliifunga Zimbabwe 21-17 katika fainali ya Afrika na kukata tiketi ya Rio. Mwaka uliofuata wakaichukua Singapore.

Angalia urefu wa safari hiyo. Injera aliyepoteza fainali ya Adelaide chini ya Ayimba mwaka 2009 ndiye aliyeng'ara Singapore chini ya Ayimba mwaka 2016. Kati ya fainali hizo mbili ilipita miaka saba. Mafanikio yaliyowashangaza watazamaji yalikuwa yameanza kulimwa zamani.

*HATUA ZA AYIMBA*
*1976: Anazaliwa.*
*2006: Anakuwa kocha wa Kenya ya wachezaji saba.*
*2009: Nusu fainali ya Kombe la Dunia, Dubai, fainali ya Adelaide.*
*2011: Anaondoka timu ya taifa.*
*2015: Anarudi, Kenya inafuzu Olimpiki.*
*2016: Ubingwa wa Singapore, Olimpiki ya Rio.*
*2021: Anafariki dunia Nairobi.*

Dakika 14 hazitoshi kufundishia

Ili kuelewa falsafa ya ukocha wa raga, anza na saa. Mechi ya raga ya saba ina vipindi viwili vya dakika saba, na mapumziko ya dakika mbili. Uwanja ni uleule unaochezewa na watu 30 katika raga ya kawaida. Hapa wamo 14 tu. Nafasi ni kubwa, muda ni mdogo, na kosa moja la kukaba huzaa trai.

Katika hali hiyo maagizo ya kocha kutoka pembeni hayana msaada mkubwa. Yanapofika sikioni mwa mchezaji, nafasi imekwisha kupita. Hata katika raga ya wachezaji 15, desturi ni kocha mkuu kuketi jukwaani, mbali na mstari. Nahodha ndiye anayemwambia mwamuzi kama penalti itapigwa golini au mpira utatolewa nje ili washambulie kutoka kwenye mrusho. Mchezo wenyewe umemwekea kocha mpaka.

Ndiyo maana katika ukocha zipo shule mbili. Ya kwanza ni ya maagizo: kocha anachora mbinu, wachezaji wanakariri, anayekwenda kinyume anakemewa. Ya pili ni ya maswali: kocha anatengeneza hali inayofanana na mechi, anawaacha wachezaji waamue, kisha anawauliza waliona nini.

Chukua zoezi moja ambalo klabu yoyote ya Bujumbura inaweza kulifanya kwa koni chache na mpira mmoja. Washambuliaji watatu wanawakabili walinzi wawili. Kocha wa maagizo atasema, "Toa pasi kulia." Kocha wa maswali atanyamaza mpaka zoezi liishe, kisha amuulize aliyekuwa na mpira: "Mlinzi wa ndani alikuwa anakutazama wewe au mwenzako?" Kijana akijibu swali hilo mara 50 katika wiki, siku ya mechi hatahitaji kuambiwa. Atakuwa ameona.

Shule ya maagizo ina watetezi wake, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwanafunzi aliyeanza mwezi uliopita hana cha kuamua. Anahitaji kuonyeshwa mguu uwekwe wapi. Katika kukaba na skramu hakuna majaribio ya hiari, kwa sababu shingo haina nafasi ya pili. Kocha mzuri hutumia shule zote mbili, na hekima yake ni kujua lini aamrishe na lini aulize.

Kwa mchezaji wa zamani, kuuliza ndiko kunakomshinda. Mwili wake unayajua majibu. Anapoona kijana akichelewesha pasi, mkono wake mwenyewe unawasha. Kuvumilia kosa la mwanafunzi ili ajifunze ni kazi ngumu kuliko kufunga trai.

> Mwili wa mchezaji wa zamani unayajua majibu. Kazi yake sasa ni kujifunza kuuliza.

Mchezaji hodari na mwalimu hodari

Historia ya raga ya saba inatuonya tusichanganye vitu hivi viwili. Gordon Tietjens, aliyeifundisha New Zealand kuanzia 1994 hadi 2016 na kuipa mataji 12 ya Raga ya Dunia, hakuwahi kuvaa jezi ya All Blacks. Alicheza katika ngazi ya jimbo la Bay of Plenty. Ben Ryan, Mwingereza aliyeipa Fiji dhahabu ya Rio, aliwahi kuwa mwalimu wa shule.

Mifano hiyo haisemi kwamba kucheza hakuna faida. Tietjens na Ryan wote walicheza. Inasema kwamba kucheza ni mlango tu, na aliyeingia bado ana mengi ya kujifunza ndani.

Mchezaji hodari hukabiliwa na mitego mitatu. Wa kwanza ni kuwapenda wanaofanana naye: aliyekuwa namba nane mwenye nguvu huona nguvu tu, na kijana mwembamba mwenye macho ya kuona pengo hupitwa. Wa pili ni kuamini kwamba mateso yaliyomkomaza yeye lazima yamkomaze kila mtu, hivyo mazoezi yakageuka adhabu. Wa tatu ni kuendelea kutaka kushangiliwa. Kocha anayetaka sifa kuliko wachezaji wake ataanza kuwalaumu mara tu watakapofungwa.

Burundi ina mfano wake wa unyenyekevu unaotakiwa, ingawa unatoka kwenye riadha. Mwaka 1996 huko Atlanta, Vénuste Niyongabo alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda mita 1,500. Aliiacha mbio hiyo ili Dieudonné Kwizera, mwenzake aliyezikosa Olimpiki za 1988 na 1992 kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa, apate kukimbia. Niyongabo akahamia mita 5,000, mbio ambayo hakuwa na uzoefu mwingi nayo, akaipa Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, tena ya dhahabu. Kumpisha mwenzako ni tendo la kwanza la ualimu, na bingwa huyo alilitenda angali anakimbia.

Shingo ya mtoto wa watu

Raga ni mchezo wa kugongana, na mzazi anayesita kumpeleka mwanawe mazoezini ana haki ya kusita. Jibu la wasiwasi wake ni ubora wa kocha.

Sheria inakataza kumkaba mtu juu ya usawa wa mabega. Skramu huingiwa kwa hatua, kwa wito wa mwamuzi. Mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa mara moja na harudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa, kisha hurejea mazoezini hatua kwa hatua. Kwenye ligi tajiri kuna madaktari wa kusimamia hayo. Kwenye uwanja wa mtaani, mara nyingi kocha ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Hapo ndipo ushujaa wa zamani unaweza kugeuka hatari. Kuna kizazi cha wachezaji kilicholelewa kikiamini kwamba mwanamume hutikisa kichwa, hunywa maji na kuendelea. Aliyelelewa hivyo, akipewa watoto bila mafunzo, atafundisha alichofundishwa. Kocha anayemtoa mchezaji wake bora dakika ya mwisho ya fainali kwa sababu amemwona akiyumba amefanya kazi kubwa kuliko kutwaa kombe, na viongozi wa klabu wanapaswa kumlinda anapolaumiwa.

World Rugby, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, ina kozi za ukocha za ngazi tofauti, na mafunzo yake ya usalama yanapatikana bila malipo mtandaoni, Kifaransa kikiwemo. Kwa Bujumbura, ambako shule hufundisha kwa Kifaransa, kikwazo cha lugha kimepungua. Kinachobaki ni shirikisho na klabu kukubaliana kwamba hakuna anayekabidhiwa watoto kabla ya kupita hapo.

Kocha wa mbali, wa nyumbani au wa jirani?

Kila timu ya Afrika ikifungwa, mjadala huu hurudi. Kenya imeujaribu kwa vitendo, na matokeo yake hayampi ushindi wa wazi mtu yeyote.

Wanaomtaka kocha wa kigeni watakutajia Mike Friday. Chini ya Mwingereza huyo, msimu wa 2012-13, Kenya ilimaliza ya tano katika Raga ya Dunia, ikafika fainali ya Wellington, na mwaka 2013 mjini Moscow ikacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Watakwambia kwamba mgeni hana shemeji wa kumpendelea wala klabu ya zamani ya kuilipa fadhila, na kwamba anakuja na vipimo vya viungo, uchambuzi wa picha na marafiki katika nchi kubwa za raga.

Wanaomtetea mzalendo watakutajia Singapore. Wataongeza Innocent Simiyu, nahodha mwingine wa zamani aliyegeuka kocha, ambaye mwaka 2018 aliifikisha Kenya fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, na kumaliza msimu katika nafasi ya nane. Wataongeza Kevin Wambua: Septemba 2023 mjini Harare, Kenya yake iliifunga Afrika Kusini 17-12 na kufuzu Olimpiki ya Paris. Miezi michache kabla, ikiwa chini ya Mwingereza Damian McGrath, kocha aliyewahi kuipa Kanada ubingwa wa duru, Kenya ilikuwa imeshushwa daraja katika Raga ya Dunia.

Hoja ya wazalendo ina uzito wa aina nyingine. Kocha wa nyumbani anajua kijana anaposema "niko sawa" ana maana gani. Anajua nani amelala njaa na nani analisha ndugu zake kwa posho ya safari. Kocha anayejua hayo hupanga mazoezi tofauti.

Lakini ipo njia ya tatu, na huenda ndiyo inayoifaa Burundi zaidi. Tolbert Onyango, Mkenya, alikwenda kuifundisha Uganda ya wachezaji saba. Aprili 2022, mjini Kampala, Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika na kufuzu Kombe la Dunia la Cape Town. Onyango hakuvuka bahari, wala hakuhitaji kufafanuliwa maisha ya mchezaji wa Afrika Mashariki.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Kampala na Nairobi zimejaa wachezaji wa zamani wenye vyeti na wasio na timu. Mmoja wao akija kwa mwaka mmoja, na mkataba wake ukamtaka aache nyuma yake makocha watatu Warundi waliokomaa, gharama hiyo itakuwa imelipa. Akija kushinda mechi mbili na kuondoka, hatakuwa ameacha chochote.

> Swali la maana si kocha ametoka wapi. Ni nani ataweza kufundisha siku atakapoondoka.

Jinsi tunavyoagana nao

Sehemu hii ya habari ya Ayimba inaumiza. Huko Rio, Kenya ilimaliza ya 11. Miezi sita tu baada ya Singapore, timu ilikuwa mikononi mwa kocha mwingine.

Matokeo ya Rio yalikuwa mabaya, na kocha huwajibika kwa matokeo. Hilo halina ubishi. Lakini miaka kumi ya maarifa haikupaswa kufungiwa mlango kwa sababu ya mashindano ya siku tatu. Mtu kama huyo angeweza kulea makocha wa shule, kuandika mtaala, kuzunguka kaunti.

Mwaka 2021 aliugua malaria iliyopanda kichwani. Familia yake ililazimika kuomba msaada wa umma kwa ajili ya matibabu. Alifariki dunia Mei 21, akiwa na miaka 44. Salamu za rambirambi zilikuwa nyingi na za dhati, na kila mmoja aliikumbuka Singapore.

Tusidanganyane: rambirambi ni nafuu. Kocha anahitaji mkataba ulioandikwa, posho inayofika kwa wakati, bima ya afya, na kazi ya kufanya anapoacha timu kubwa. Shirikisho dogo haliwezi kulipa mishahara ya Ulaya, na hakuna anayelidai hivyo. Linaweza, hata hivyo, kusaini karatasi inayoeleza wajibu wa kila upande. Linaweza kumtafutia kocha kazi shuleni, ambako atapata mshahara na pia wanafunzi. Nchi maskini ikimpoteza mwalimu mmoja imepoteza zaidi kuliko nchi tajiri, kwa sababu hakuna anayesubiri kwenye foleni.

Bujumbura ianzie wapi?

Jiji hili limewahi kuonyesha kwamba mchezo unaweza kufanya kazi kubwa kuliko kutafuta ushindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waksaveri walianzisha Centre Jeunes Kamenge kwa ajili ya vijana wa mitaa ya kaskazini. Wakati mitaa hiyo ilipokuwa ikichinjana, kituo kilishikilia msimamo kwamba vijana wa Kihutu na Kitutsi watacheza na kujifunza pamoja. Mwaka 2002 kikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Raga inaweza kukaa vizuri katika urithi huo. Katika timu ya wachezaji 15 yumo mnene na mwembamba, mrefu na mfupi, na skramu haisogei mpaka wanane wasukume kwa pamoja. Lakini mchezo wenyewe haupatanishi watu. Anayepatanisha ni kocha anayeamua nani amsukume nani, nani alale chumba kimoja na nani safarini, na maneno gani hayasemwi katika timu yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Kila klabu imteue mchezaji mmoja au wawili, wanaume na wanawake, wenye umri wa miaka 26 au 27, ambao bado wanacheza. Wapewe kikosi cha watoto mara moja kwa wiki, chini ya jicho la mkubwa wao. Wafanye kozi ya usalama kwanza, kisha ya ukocha. Wajifunze pia kuamua mechi, kwa kuwa kocha anayezijua sheria hulinda wachezaji wake.

Wasichana wasiwekwe mwisho wa orodha. Uganda imeonyesha njia: Helen Buteme aliichezea timu ya taifa ya wanawake, Lady Cranes, kisha akawa kocha. Msichana wa mtaa wa Ngagara akimwona mwanamke ameshika ubao wa mbinu, ataelewa bila kuelezwa kwamba mchezo huu unamhusu mpaka uzeeni.

Hatua ya pili ni shule. Maseno ndiyo iliyoipa Kenya Ayimba, miaka mingi kabla ya Singapore kumfahamu. Shule nne au tano za Bujumbura zikikubali kucheza raga ya saba kila Jumamosi, kila moja ikiwa na kocha aliyepitia klabu, katika miaka kumi timu ya taifa itakuwa na watu wa kuchagua, na klabu zitakuwa na watu wa kufundisha.

Hatua ya tatu ni subira, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Tangu Ayimba apewe timu hadi ashinde ubingwa mkubwa ilipita miaka kumi, ndani yake mkiwa na kuondoka na kurudi. Kiongozi anayetaka kombe ndani ya muhula wake atamfukuza kocha mchanga kabla hajakomaa, na atakayemrithi ataanza upya.

Burundi haina sababu ya kuanza na swali la nani ataifunga Kenya au Uganda. Ianze na nahodha wake wa sasa, ambaye bado ana misimu mitatu au minne miguuni. Apewe watoto 20, mpira, koni, cheti na mkataba, sasa hivi, angali anakimbia. Siku atakapovua njumu, atakuwa tayari na watu wanaomsubiri mazoezini.